Pikipiki ya Kwanza kwa Mtu Mfupi: Ipime Ikiwa Imesimama

Shikamooni wazee wetu mlioko jikoni mkiota moto, maana baridi ya Ndalambo mwezi wa sita na wa saba haina haya. Hamjambo vijana wa kijiweni, mlioegesha kando ya lami mkimsubiri abiria wa mwisho ashuke kwenye basi la kutoka Tunduma. Na akina mama mnaosonga ugali huku redio ikiwa juu ya ndoo, karibuni. Vuteni vigoda, tuzungumze.

Jioni ya leo sizungumzii bei ya mahindi wala foleni ya malori pale mpakani. Nazungumzia neno moja tu, neno la dukani. Neno lenyewe ni hili: "Utazoea."

Mwezi uliopita nilimsindikiza mpwa wangu kwenda Tunduma kununua pikipiki. Mpwa wangu huyu ni mwalimu, anafundisha shule iliyo ndani huko, mbali na lami, na amechoka kulipa bodaboda kila asubuhi na kila jioni. Amedunduliza, amecheza mchezo na walimu wenzake, hatimaye fedha imetimia. Tukaingia duka la kwanza. Muuzaji akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, na kusema kweli macho yake hayakuwa na safari ndefu, maana binti amemfuata mjomba wake. Ni mfupi. Futi tano na inchi moja.

Akampandisha kwenye pikipiki ndefu, nyekundu, inang'aa, imesimama juu ya stendi kubwa. Miguu ya binti ikaning'inia kama ya mtoto aliyeketishwa kwenye benchi la zahanati. Akanigeukia: "Mjomba, mbona sifiki chini?" Mimi nikacheka. Muuzaji hakucheka. Akasema kwa sauti ya kumbembeleza: "Dada, utazoea."

Msikilizaji, hebu tulipime neno hilo. Kwenye pikipiki mtu anazoea nini? Klachi utaizoea. Gia utazizoea, hata kama wiki ya kwanza utakuwa unaruka kama chura. Vumbi utalizoea. Upepo wa malori yanayokupita utauzoea, japo kwa shida. Lakini mguu je? Mguu wa mtu mzima haurefuki kwa mazoea. Ukinunua pikipiki usiyoifikia leo, mwakani pia hutaifikia.

Kwa hiyo mazungumzo ya leo ni ya mtu mfupi anayenunua pikipiki yake ya kwanza, awe binti au kijana, mwalimu au mkulima. Na mnisikilize kama mwenzenu. Mimi nimeitwa kibushuti tangu darasa la pili, na mpaka leo jina hilo sijalivua.

Jambo lenyewe ni moja, nitalisema sasa na nitalirudia: pikipiki haimwangushi mtu mfupi ikiwa inakimbia. Humwangusha ikiwa imesimama.

Nasema hivyo kwa nini? Kwa sababu pikipiki ikishashika mwendo, mwendo wenyewe unaisaidia kukaa wima. Hapo miguu yako iko juu ya vikanyagio, na mfupi na mrefu wanakuwa sawa. Yuko Mhispania mmoja aitwaye Dani Pedrosa. Urefu wake ni kama mita 1.6 hivi, mtu wa kumpoteza kwenye mnada. Lakini alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki mwaka 2003 katika daraja la CC 125, kisha mwaka 2004 na 2005 katika daraja la CC 250. Akapanda daraja la juu kabisa, MotoGP, na huko akashinda mashindano 31, juu ya mashine zinazopita kilomita 300 kwa saa. Ufupi haukumzuia.

Ila tuulizane. Pedrosa akiwa gereji, kuna mafundi wa kumshikia pikipiki. Wewe ukisimama pale njia ya shambani inapoingia lami, na lori linashuka, na nyuma umebeba gunia, nani atakushikia?

Mimi hakuna aliyenishikia. Miaka hiyo niliazima pikipiki ya kaka yangu, ile aina ndefu ya mashambani. Nyuma nikafunga gunia la mahindi, naelekea mashineni. Nikafika mahali ambapo udongo unapanda kuikuta lami. Lori likawa linakuja kutoka upande wa Sumbawanga, nikasimama kulipisha, nikashusha mguu wa kushoto. Chini hakukuwa na ardhi. Ilikuwepo, lakini mvua ilikuwa imeula ukingo wa barabara, ardhi ikawa imezama kama upana wa kiganja chini ya pale nilipoitegemea. Kwa mtu mrefu, upana wa kiganja si kitu. Kwangu mimi ndio ulikuwa mwisho wa mguu.

Pikipiki ikainama taratibu, kama mzee anayejikalisha kwenye mkeka. Nikavuta usukani, nikasaga meno, nikaomba Mungu. Ilipopita pembe fulani uzito ukanishinda, tukalala wote watatu: mimi, pikipiki na gunia. Gunia likapasuka. Kuku wa jirani wakafika kabla ya watu. Spidi yangu wakati naanguka ilikuwa sifuri. Sifuri kabisa, msikilizaji. Ndiyo maana nasema: ipime ikiwa imesimama.

Sasa tuingie dukani pamoja. Nitakupa vipimo vitatu: mguu, uzito na mkono. Nirudie: mguu, uzito, mkono.

Tuanze na mguu. Kabla hujatoka nyumbani, chukua utepe wa fundi cherehani. Vua viatu, simama ukiegemea ukuta, bana daftari katikati ya mapaja, lipandishe mpaka likwame, kisha mwenzako aweke alama ukutani. Kutoka alama ile hadi sakafuni ndio urefu wa mguu wako. Usijali futi tano au futi sita, maana wapo watu wafupi wenye miguu mirefu na warefu wenye miguu mifupi. Mpwa wangu alipata sentimita 72.

Pikipiki nyingi mnazoziona vijiweni, hizi Boxer na TVS na jamaa zao, siti yake iko kama sentimita 80 kutoka chini. Utasema: basi 72 kwa 80, ameshindwa. Hapana, usikate tamaa mapema. Kiatu chenye soli nene kinakuongezea sentimita 2 au 3. Na ukikaa, shokapu zinabonyea, pikipiki yote inashuka kidogo. Kwa hiyo pengo linapungua, na hapo sehemu ya mbele ya unyayo, pale nyama ilipo nyuma ya vidole, inagusa chini vizuri. Hiyo inatosha kuanzia.

Lakini kuna mtego hapa, na wengi wanaingia. Urefu wa siti siyo habari yote. Upana nao una neno. Siti pana kwa mbele inakutanua mapaja, na mguu uliotanuliwa haufiki chini upesi. Siti iliyobanwa kwa mbele, karibu na tenki, inauachia mguu ushuke wima. Ndiyo maana unaweza kukuta pikipiki mbili zenye siti sawa kwa utepe, moja unaifikia, nyingine huifikii. Kwa hiyo namba ya kwenye karatasi isikilize, halafu panda uone mwenyewe.

Na unapopanda, mwambie muuzaji aishushe kutoka kwenye stendi kubwa. Mpwa wangu alipandishwa pikipiki ikiwa imeinuliwa juu. Hapo hata twiga angejiona mfupi. Ishushwe, isimame kwa matairi yake mawili, ukiwa umevaa viatu vile vile utakavyovaa safarini. Usiende na ndala, wala usiende na viatu vya kanisani vya visigino. Kama masika yote unaendesha na mabuti ya mvua, nenda nayo dukani. Watu watacheka. Wacha wacheke, fedha ni yako.

Sasa je, lazima miguu yote miwili ikanyage sakafu kwa unyayo mzima? Hapana. Huu ni woga unaowanyima watu wengi pikipiki nzuri. Anayejua kuendesha husimama kwa mguu mmoja, wa kushoto, huku wa kulia umebaki kwenye breki. Ukitaka mguu mmoja ufike zaidi, unasogeza kalio kidogo upande wa kushoto, na mguu ule unashuka. Kwa hiyo kipimo ni hiki: ukisogea kidogo, je, mguu wa kushoto unakanyaga imara, unyayo mzima au karibu mzima? Kama ndiyo, endelea na mazungumzo. Kama ni ncha za vidole tu, na kifundo kinatetemeka, shuka. Mwambie muuzaji asante, na neno lake la "utazoea" mwachie dukani.

Kipimo cha pili ni uzito. Hapa msikilizaji tega sikio, maana wengi wanapima mguu na kusahau uzito. Mguu mfupi ukikutana na pikipiki nyepesi, unaweza kuidaka ikianza kulala. Mguu mfupi ukikutana na pikipiki nzito, unaishuhudia tu. Pikipiki za CC 100 hadi 125 nyingi zina uzito wa kilo 100 na kitu, yaani zimelizidi gunia la mahindi kidogo. Gunia la mahindi mnalijua. Likiwa wima unaliyumbisha hata peke yako. Likishalala, unaita watu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kaa kwenye siti, inyooshe kutoka kwenye stendi ya pembeni kwa nguvu zako mwenyewe. Usikubali muuzaji akusaidie, maana muuzaji huyo hatakuja na wewe shuleni. Kisha irudishe nyuma hatua tano ukiwa umekaa. Halafu shuka, ishike usukani ukiwa kando yake upande wa kushoto, isukume mbele, igeuze, irudishe pale ilipokuwa. Ukifanya hayo bila kuhema kama uliyepanda mlima, uzito ni wako. Ukihema, kumbuka kwamba hapo dukani sakafu ni saruji, tambarare, kavu. Huku kwetu mwezi wa pili kuna tope, na juu ya tope kuna abiria.

Kipimo cha tatu ni mkono. Mtu mfupi mara nyingi ana mkono mfupi na kiganja kidogo. Geuza usukani wote kulia, kisha wote kushoto. Je, mkono wa nje bado umeshika sawasawa, au umebaki kwenye ncha za vidole? Vuta klachi. Je, vidole vinaikunja yote bila kiganja kuachia? Klachi ngumu huumiza mkono mdogo, na mkono uliochoka huachia ghafla, pikipiki ikaruka mbele au ikazima katikati ya barabara. Klachi nyingi hulegezwa kwa kurekebisha waya wake na kuutia mafuta, muulize fundi. Angalia pia kama mguu wa kulia unafikia breki bila kuinua kisigino, na wa kushoto unafikia gia.

Na kiki? Hapa wafupi tunaonewa. Kupiga kiki kunataka uzito na urefu wa mguu. Kama una uwezo, nunua yenye kuwaka kwa kubonyeza kitufe, ila hakikisha na kiki ipo, kwa siku ambayo betri itakugomea. Na kiki hiyo jifunze kuipiga pikipiki ikiwa juu ya stendi kubwa, wewe umesimama. Usining'inie juu ya siti na mguu mmoja hewani.

Basi hivyo ndivyo vipimo vyetu vitatu. Mguu, uzito, mkono. Tuko pamoja?

Sasa mtaniuliza: ndugu mtangazaji, tutajie basi, tununue pikipiki ya aina gani? Sitakutajia moja, maana mguu wako siujui. Lakini nitakuonyesha makundi.

Kuna kundi la pikipiki ndefu za mashambani, zenye matairi ya meno na madigadi ya mbele yaliyoinuliwa. Zile ndizo walizozoea mapadri, mabwana shamba na watu wa afya wa zamani: Yamaha DT, Honda XL na wenzake. Kwenye makorongo zinatamba. Lakini zimeinuliwa makusudi, na siti za baadhi yake hufika sentimita 85 na zaidi. Kwa mtu mfupi anayeanza, ile ni pikipiki ya pili au ya tatu. Usianze nayo.

Kuna skuta. Siti iko chini, unaingia bila kurusha mguu, hata mwenye sketi anapanda kwa heshima zake. Mjini Tunduma penye lami inakufaa. Lakini magurudumu yake ni madogo, na gurudumu dogo likikutana na shimo linaingia lote. Kwa njia za kutoka Ndalambo kuelekea mashambani, kipindi cha mvua skuta itakulaza njiani.

Halafu kuna hizi za kawaida, CC 100 hadi 125. Siti ya wastani, uzito wa wastani, magurudumu makubwa ya kutosha, vipuri kila duka la Tunduma, na fundi hata chini ya mwembe anazijua. Kwa wengi wetu jibu liko hapa. CC 150 ina nguvu zaidi, kweli, lakini mara nyingi ina uzito zaidi pia, na nguvu utakayoihitaji kwanza ni ya kuisimamisha. Tena leseni nayo ina mgawanyo: daraja A1 ni la pikipiki zisizozidi CC 125, na daraja A ni la zaidi ya hapo. Anza na ndogo, jifunze, kisha uamue.

Nikiwa hapo hapo, niwape kisa kidogo kutoka Japani. Mwaka 1958 kampuni ya Honda ilitoa pikipiki ndogo iitwayo Super Cub. Waliondoa tenki katikati ya mapaja, wakaacha nafasi ya kupitisha mguu. Wakaondoa klachi ya mkono, ikawa inajifanyia kazi yenyewe. Hawakumwambia mteja "utazoea". Waliifanya pikipiki imzoee mteja. Mwaka 2017 hesabu ya pikipiki hizo zilizotengenezwa ilipita milioni 100, na hakuna chombo cha moto kingine kilichofikia idadi hiyo. Kumbe kumjali mtu mdogo kulikuwa biashara kubwa.

Tuendelee. Je, kama pikipiki umeipenda, bei imekubali, lakini imekuzidi kidogo, sentimita mbili tatu? Hapo kuna dawa, ila kuna dawa na kuna sumu.

Dawa ya kwanza ni sponji. Fundi wa kushona viti anaifungua siti, anapunguza sponji kwa juu na kuichonga pembeni kwa mbele, pale mapaja yanapopita. Ni kazi ya saa chache, haigusi chuma chochote. Mwambie apunguze kidogo kidogo, ukae, ujaribu, apunguze tena. Asipunguze yote kwa mara moja, maana sponji ikiisha unakalia bati, na kutoka hapa hadi Tunduma utalijua kila shimo la barabara.

Dawa ya pili ni shokapu za nyuma. Nyingi zina ngazi za kukaza na kulegeza springi. Kwa mtu mwepesi asiyebeba mzigo, ilegezwe mpaka ngazi ya chini, pikipiki itakaa chini kidogo ukiipanda. Ukibeba abiria, ikazwe tena.

Sumu ni kukata springi. Sumu ni kubadilisha shokapu kwa fupi za pikipiki nyingine bila fundi kupima. Unajua kinachotokea? Pikipiki imeshuka, lakini stendi ya pembeni imebaki na urefu ule ule. Sasa ukiiegesha inasimama wima mno, upepo wa lori unaiangusha upande wa pili. Na tumbo la injini limekaribia ardhi, sasa kila jiwe la njiani ni jiwe lako. Umejiponya mguu, umeiumiza mashine.

Haya, umenunua. Sasa kuendesha. Sitafundisha yote, nitasema yale yanayomhusu mfupi.

La kwanza, chagua pa kusimama kabla hujasimama. Mrefu anasimama popote. Mfupi anasimama kwa macho: ukiwa bado mita kumi nyuma, tazama ardhi ya kushoto itakuwaje. Kuna mfereji? Kuna kokoto? Kuna tope? Sogea hatua mbili mbele au nyuma upate ardhi iliyoinuka upande wa mguu wako. Ukingo wa barabara, jiwe lililolala, tuta dogo, hivyo vyote ni marafiki zako.

La pili, mguu wa kushoto chini, wa kulia kwenye breki. Hasa mlimani. Breki ya mguu ndiyo itakayoizuia isirudi nyuma wakati unaachia klachi. Ukishusha miguu yote miwili kwenye mwinuko, unabaki na breki ya mkono tu, na mkono huo huo ndio wa kutia mafuta. Hapo wengi wanarudi kinyumenyume mpaka kwa aliye nyuma yao.

La tatu, abiria. Abiria apande wewe ukiwa umeshasimama imara na kumwambia "panda". Ashuke ukiwa umemwambia "shuka". Asipande kama anaparamia mwembe. Na miezi ya kwanza usibebe mtu kabisa. Usimbebe mke, mume wala mtoto. Mshikaki ndio usiufikirie hata ukiwa mrefu kama mlingoti. Mfupi mwenye abiria wawili nyuma amewakabidhi miguu yake watu ambao hawajui kuitumia.

La nne, jifunze kuanguka kabla hujaanguka. Maana yake nini? Maana yake jua namna ya kuiinua. Mpwa wangu nilimpeleka uwanja wa mpira wa shule siku ya Jumamosi, tukailaza pikipiki juu ya majani taratibu. Nikamwambia: zima, funga koki ya mafuta. Kama imelalia upande wa kulia, kwanza itoe stendi ya pembeni, ili ukishaiinua isipitilize upande wa pili. Sasa igeuzie mgongo. Chuchumaa, kalio lako liegemee siti. Mkono mmoja shika usukani ulioukunja, mwingine shika keria. Mgongo ukiwa umenyooka, sukuma kwa mapaja, tembea kinyumenyume hatua ndogo ndogo. Usiinue kwa mikono wala kwa kiuno.

Mara ya kwanza haikusogea. Mara ya pili ikasogea ikarudi. Mara ya tatu ikasimama. Wanafunzi wake waliokuwa wamejificha nyuma ya goli wakapiga makofi. Akaona haya, lakini tangu hapo hofu ilimtoka, maana alijua ikilala, atainuka nayo.

Ya karatasi nitayasema mbio mbio, kwa sababu tuko mpakani. Ukinunua iliyotumika, namba ya chasisi na ya injini zilingane na kadi, na umiliki uhamishiwe kwa jina lako TRA. Pikipiki ya bei rahisi isiyo na kadi usiiguse, iwe imetoka upande huu au upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kata bima. Pata leseni, na umri ni kuanzia miaka 18. Nunua kofia ngumu inayokubana kichwa sawasawa, yako na ya abiria wako. Ndani ya makazi ya watu spidi isizidi 50.

Ndugu msikilizaji, muda wangu unayoyoma, nikukumbushe tuliyosema. Pikipiki haimwangushi mfupi ikikimbia, humwangusha ikisimama. Kwa hiyo ipime ikiwa imesimama, ikiwa imeshushwa kutoka kwenye stendi kubwa, ukiwa na viatu vyako. Vipimo ni vitatu: mguu wa kushoto ukanyage imara, uzito uuweze peke yako, mkono ufike kila kitu. Ikizidi kidogo, punguza sponji, usikate springi. Na ukisimama, tazama ardhi kwanza.

Mpwa wangu? Tuliingia duka la nne ndipo tukaipata. Ni ya CC 100, imetumika, rangi imefifia kidogo, kadi yake safi, siti imebanwa kwa mbele. Alipokaa, mguu wa kushoto ukakanyaga wote. Hakuniuliza kitu. Alitoa fedha kwenye mkoba akaanza kuhesabu. Sasa anakwenda shuleni na kurudi, na jioni naisikia ikipita.

Wewe unayekwenda dukani Jumamosi hii, usione haya kukaa kwenye kila pikipiki iliyopo, hata kama watu nyuma yako wananong'ona. Kaa, kanyaga chini, kisha ndipo uulize bei. Mungu akipenda tutakutana tena wiki ijayo saa kama hii. Usiku mwema.